Shajara ya mradi: kutoka matarumbeta ya harusi hadi jukwaa la jazz, Dodoma

Mradi una mpigaji mmoja wa tarumbeta. Tulipoanza alikuwa na miaka 19, na muziki wote aliujua kutoka kwaya ya kanisani na kikundi cha matarumbeta ya harusi mjini Dodoma. Lengo: ndani ya miezi 18 aweze kuongoza kundi la watu watano (tarumbeta, gitaa, kinanda, besi, dramu) kwa dakika 45 za jazz, nyimbo mbili ziwe zake mwenyewe, na awe na rekodi tatu za kuwaonyesha watu. Ilichukua miezi 20. Jina lake hatuliandiki hapa.

Shajara hii ni ya anayetaka kufanya hivihivi Singida, Iringa au popote penye kijana na chombo. Mazoezi ya kawaida tumeyapitia juu juu kwa sababu yamejaa mitandaoni. Makosa ndiyo tumeyaandika kwa kirefu. Tukitaja noti bila kueleza, ni noti za tarumbeta. Za gitaa na kinanda tutasema ni za kinanda. Tofauti hiyo ilitugharimu, kama mtakavyoona.

9 Machi 2024. Tathmini

Tulipima mambo manne. Sauti ndefu, G ya mstari wa pili kwa nguvu ya wastani: sekunde 14, kisha inatetemeka. Upeo: kutoka G ya chini kabisa hadi G iliyokaa juu ya mstari wa tano, na hiyo ya juu inatoka kwa kukazwa. Ulimi: noti nne kwa pigo hadi metronomu 84, zaidi ya hapo unajikwaa. Kusoma: nota za mistari hajui, solfa anasoma kama gazeti.

Kumbukumbu yake ni kubwa. Nyimbo anazo kichwani nyingi kuliko wapiga gitaa wengi wa mjini, na akiusikia wimbo mara mbili anao.

Tatizo kubwa ni pete nyekundu kwenye mdomo wa juu. Inabaki nusu saa baada ya kupiga, maana yake chombo kinagandamizwa mno. Chanzo ni pikapu. Kundi la harusi hupiga likiwa nyuma ya gari linalotembea, barabara ina matuta, na mpigaji asiyetaka kuumia meno anakibana chombo kwenye mdomo ili kisiruke. Ukifanya hivyo miaka minne, mkono haujui tena namna nyingine.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi: kidole kidogo cha mkono wa kulia kitoke kwenye ndoano. Ile ndoano ni ya kushikia chombo unapogeuza karatasi. Ukiitumia muda wote unakuwa unauvuta mpini kuelekea usoni. Siku ya kwanza alipokitoa, upeo wake ulishuka noti tatu. Tulitarajia hivyo. Ulirudi baada ya wiki tano.

30 Machi 2024. Chombo cha kwanza: Sh 480,000

Tarumbeta ya kikundi ni mali ya mwenye kikundi na hailali nje. Tukanunua mpya ya Kichina Kariakoo, Bb, na kipande chake cha mdomoni na sanduku. Inang'aa kweli. Tuliijaribu kwa kupiga tu, na kwa kupiga tu huwezi kujua. Vipimo vifuatavyo tulivijua baadaye, na vinachukua dakika tano:

Chomoa slaidi (bomba dogo la kuvuta) ya kila vali bila kubonyeza vali yake. Ikitoka lazima itoe mlio kama kizibo cha chupa. Isipotoa, hewa inavuja kati ya pistoni na kuta zake. Kisha ilegeze slaidi ya tatu uinamishe chombo: iteleze yenyewe au kwa kusukumwa na kidole kimoja. Bonyeza pistoni pole pole kwa pembeni, si katikati; ikikwaruza, acha. Kwa chombo kilichotumika, mulika tochi ndani ya bomba la mbele linalopokea kipande cha mdomoni. Madoa ya waridi ndani yake ni shaba iliyokwisha kupoteza zinki, na bomba hilo halina maisha.

Yetu ingefeli vipimo viwili kati ya hivyo, cha pistoni na cha slaidi ya tatu.

18 Mei 2024. Slaidi ya tatu imeachia

Kiungo kinachoshikilia bomba la slaidi ya tatu kimebanduka. Slaidi hiyo si pambo. D ya chini (vali 1 na 3) na C# ya chini (zote tatu) kwa maumbile ya chombo hutoka juu kuliko inavyotakiwa, kwa sababu urefu wa mabomba ukijumlishwa haufiki. Lazima uisukume nje kama sentimita moja kwa D, na karibu mbili kwa C#. Bila slaidi inayotembea, noti hizo mbili zitakuwa chafu siku zote.

Kosa letu: tulimpelekea fundi wa rejeta. Kazi yake ya rejeta ni safi, lakini moto wake ni wa rejeta. Aliwasha mtungi, akapiga lehemu kiungo kilichoachia, na joto likapita likayeyusha kiungo cha jirani. Bomba likapinda nyuzi kadhaa na rangi ya juu ikaungua kahawia, upana wa kiganja. Sh 15,000, na slaidi sasa haitoki kabisa.

Aliyeokoa ni sonara. Ana mwali mdogo kama sindano na subira ya mtu anayefanya kazi kwenye dhahabu ya watu. Hatua zake: vitambaa vilivyolowa maji vikazungushwa kwenye viungo vyote vya jirani, pande zote mbili zikasuguliwa hadi shaba ikaonekana, dawa ya lehemu ikapakwa, slaidi ya ndani ikaachwa imeingizwa ili mabomba mawili yakae sambamba, moto ukapigwa kwenye shaba, si kwenye lehemu, na lehemu ikanyweka yenyewe. Sh 40,000. Hilo la kuacha slaidi ndani ndilo lililomshinda wa kwanza. Usipofanya hivyo huwezi kupata usambamba, hata mkono uwe mzuri vipi.

22 Juni 2024. Mazoezi ya kwanza ya kundi. Yamevunjika

Mpiga gitaa ametoka kwenye dansi na anapenda E na A, kama wapiga gitaa wote. Tarumbeta ya Bb husikika toni nzima chini ya noti iliyoandikwa, kwa hiyo E ya kinanda kwake ni F#, yenye alama sita, na A ni B, yenye tano. Kijana aliyezoea harusi za Bb na Eb za kinanda, yaani C na F zake, alikuwa kama amepewa mkono wa kushoto aandikie.

Mpiga kinanda akasema si shida, kinanda kina kitufe cha kuhamisha. Akabonyeza. Gitaa likabaki palepale, besi ikamfuata kinanda, na kwa dakika kumi watu watano walikuwa kwenye funguo mbili bila yeyote kukubali kosa ni lake. Jumamosi iliyofuata kinanda kilifika mazoezini kikiwa bado kimehamishwa +2 kutoka ibadani, na tukayarudia yaleyale. Tangu siku hiyo kuna kipande cha plasta juu ya kitufe hicho.

Marekebisho: solfa. Kodi (za muziki, si za TRA) tuliacha kuziandika kwa herufi, tukaziandika kwa namba na solfa: blues ya vipimo 12 ni do vipimo vinne, fa viwili, do viwili, so kimoja, fa kimoja, do viwili. Juu ya karatasi mstari mmoja: "Do = Bb kinanda, C tarumbeta". Kila mtu anatafuta do yake. Kwa mtu aliyelelewa na kwaya hii ni njia fupi kuliko nadharia yoyote ya kuhamisha funguo. Ndani ya wiki sita alikuwa akiipiga blues hiyo katika funguo tano. E ya kinanda tuliiweka kando. Itarudi.

20 Julai 2024. Upepo, vumbi, maji, baridi

Kuanzia Juni hadi Oktoba Dodoma haina mvua na upepo haupumziki. Vumbi jekundu laini linaingia kwenye vali, linachanganyika na mafuta na kuwa kama msasa.

Mafuta ya vali yalipoisha tulitumia mafuta ya cherehani. Usifanye. Ni mazito, asubuhi ya baridi pistoni zinapanda polepole kama lifti mbovu, na yanashika vumbi. Mafuta ya taa, wanayotumia wapigaji wengi wa harusi, ni mepesi na yanaosha vizuri, lakini yanakauka upesi na harufu yake unaivuta ndani. Tumerudi kwenye mafuta halisi ya vali, chupa Sh 28,000, nne kwa mradi mzima. Matone matatu kwa kila pistoni kila siku ya kazi, baada ya kuifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kuongeza mafuta juu ya vumbi bila kufuta ni kutengeneza tope. Grisi ya slaidi na brashi ndefu ya kuoshea ndani: Sh 45,000.

Kuosha kila wiki tatu wakati wa kiangazi, wiki sita wakati wa masika. Maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, rangi itabanduka. Maji ya bomba hapa yana chumvi na yakikauka ndani yanaacha ukoko mweupe. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya chupa. Lita tatu zinatosha. Ukoko ukishakuwepo, siki iliyochanganywa na maji mara nne, dakika kumi, kisha suuza sana, kwa sababu siki ikikaa inakula zinki.

Baada ya kuosha mara ya kwanza chombo kikakataa kabisa kutoa sauti, kama kimezibwa na gunia. Pistoni ya 1 na ya 3 zilibadilishana nyumba. Namba zimechongwa kwenye kila pistoni. Zisome.

Baridi: alikuwa akifanyia mazoezi mlimani alfajiri ili majirani walale, na kila siku alirudi akilalamika chombo kiko chini. Ni kweli kilikuwa chini. Hewa ya ndani ikipoa nyuzi 10, sauti inashuka karibu theluthi ya nusu-toni. Alikuwa akisukuma slaidi kuu ndani ili kufidia, kisha ukumbini chombo kikipata joto anakuwa juu ya kila mtu. Sasa: pasha chombo dakika kumi kwa kupuliza hewa tupu ya joto, ndipo uguse slaidi kuu. Kwa mazoezi ya ndani, kizibo tulichokata kutoka chupa ya maji ya nusu lita na sponji kinapunguza kelele, lakini kinapandisha sauti na kuongeza ukinzani. Kinafaa kwa vidole tu, na si zaidi ya robo saa.

14 Septemba 2024. Chombo cha pili: Sh 1,100,000

Pistoni ya pili ya tarumbeta mpya imelika. Miezi mitano na nusu. Tumeiuza kwa Sh 200,000 kwa kikundi kinachohitaji cha kushikia kwenye picha.

Tumepata Yamaha YTR-2335 iliyotumika, Dar. Kwenda na kurudi kwa treni ya SGR Sh 62,000. Safari hii vipimo vyote vilifanywa mbele ya muuzaji, tochi mkononi. Kasoro: rangi imebanduka penye mkono, felti zimechoka. Hizo si kasoro za kukataa. Chombo cha wanafunzi kilichotumika na kutunzwa kinakishinda kipya cha bei rahisi, na kama tungeanza hapa tungeokoa laki tatu na thelathini na tano pamoja na lehemu.

Kipande cha mdomoni: tulinunua Bach 7C, Sh 95,000. Kijana alitaka 3C kwa kuwa wapigaji anaowasikiliza wanatumia vikubwa. Kikubwa kinataka misuli ambayo bado hana. Hapa tulishinda mabishano. Sehemu nyingine tulishindwa.

12 Oktoba 2024. Mdomo umevimba

Hili ndilo kosa kubwa zaidi la mradi, na lilikuwa la ratiba yetu. Mpango ulisema saa tatu za mazoezi kila siku. Mpango haukuhesabu harusi. Wiki ya kwanza ya Oktoba alipiga harusi nne na sherehe moja ya kuaga, kila moja saa nne hadi tano juu ya pikapu, na bado akatimiza saa zetu tatu. Siku ya sita noti ya juu haikutoka. Ya saba hata C ya kati ilikuwa hewa. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba na kufa ganzi upande wa kushoto.

Tulisimamisha kila kitu siku 12. Kisha tukarudi kwa dakika tano mara tatu, sauti za chini tu, G ya kati kushuka. Ganzi iliisha siku ya 16. Ingeendelea, tungempeleka hospitali bila kusubiri. Misuli ya mdomo ikichanika si jambo la barafu na maombi.

Ratiba mpya: vipindi vinne vya dakika 20, kati yake mapumziko yasiyopungua urefu wa kipindi. Mazoezi ya vidole, kuimba na kusikiliza hayahesabiwi, maana hayagusi mdomo. Harusi zisizidi mbili kwa wiki, na isiwepo yoyote siku inayotangulia mazoezi ya kundi.

Lakini harusi moja inamlipa Sh 30,000, na pesa hiyo inakula nyumbani kwao. Kumwambia apumzike bila kumfidia ni maneno matupu. Ataitikia "sawa wazee" na Jumamosi utamkuta kwenye pikapu. Kwa hiyo tuliweka posho ya kupumzika: Sh 60,000 kwa wiki, wiki 20, jumla Sh 1,200,000. Ni fungu kubwa kuliko chombo chenyewe. Anayetaka kuiga mradi huu aanze bajeti yake hapo, kisha ndipo aulize bei ya tarumbeta.

25 Januari 2025. Swing, na nani wa kumsikiliza

Upeo sasa hadi A ya juu, bila pete. Sauti ndefu sekunde 31.

Swing ilikataa kwa sababu ya kitu kizuri: ana chakacha mwilini. Kila jozi ya noti aliipiga kwa theluthi kali, ndefu-fupi, ndefu-fupi, na kwa mwendo wa 80 ilifaa. Kwa 180 ilisikika kama farasi. Mwendo ukipanda jozi zinakaribia kulingana; kinachobaki ni mkazo kwenye ile ya nyuma ya pigo na ulimi laini, "du-da" badala ya "ta-ta". Zoezi lililofanya kazi: metronomu 60 isomwe kama pigo la pili na la nne, yaani mwendo 120, apige skeli noti nane huku anakanyaga la kwanza na la tatu. Wiki mbili za kero, kisha likaingia lenyewe.

Kusikiliza: wapigaji watatu tu kwa miezi mitatu, aimbe solo kabla ya kuigusa. Louis Armstrong wa 1925 hadi 1928, kwa ajili ya pumzi na muda. Clifford Brown, aliyefariki 1956 akiwa na miaka 25, kwa ajili ya usafi wa noti. Lee Morgan, aliyerekodi na John Coltrane mwaka 1957 akiwa na miaka 19, kwa ajili ya ujeuri. Kijana akaongeza wa nne bila kuomba ruhusa, Hugh Masekela, na hapo tulikubali. Masekela alipata tarumbeta yake ya kwanza kupitia padri Trevor Huddleston Afrika Kusini. Huddleston huyohuyo baadaye alikuwa askofu wa Masasi, kwetu. Armstrong naye alipelekea kundi la vijana wa Huddleston tarumbeta mwaka 1956. Kazi za mwanzo za wapigaji wengi ukizifuatilia unakuta ni safari ya chombo kutoka mkono hadi mkono.

29 Machi 2025. E imerudi

Wimbo wake wa kwanza ulitoka kwenye ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba. Alikuwa ameusikia mtindo huo tangu utotoni, na alirudi kuusikiliza Chamwino na kwenye rekodi za Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki 2003 na aliyeufikisha muziki huu majukwaa ya dunia. Aliuweka kwenye tarumbeta kwa vidole vya kawaida. Noti zote sahihi, wimbo umekufa.

Tulipoteza wiki tatu kuurekebisha kwa programu ya simu ya kupimia sauti. Kila noti ikawa ya kijani, na kadiri ilivyokuwa kijani ndivyo ilivyozidi kusikika kama mlio wa simu.

Sababu ni hii. Muziki wa Kigogo hujengwa juu ya sauti asilia, zile zinazotoka kwenye waya au bomba moja bila kubadilisha urefu: ya 4, 5, 6, 7, 8, 9, hata 10. Ya saba iko senti 31 chini ya noti ya kinanda (nusu-toni moja ni senti 100), na ya tano iko 14 chini. Kinanda hakina noti hizo. Tarumbeta inazo, kwa kuwa nayo ni bomba moja. Vali ziliongezwa kuziba mapengo tu.

Kwenye chombo wazi, sauti ya 8 ni C ya juu sana, na ya 9 na 10 hazifikiki kwa mpigaji wa kiwango hiki. Lakini bonyeza vali zote tatu na usiziachie: bomba linafika karibu mita 2.1, msururu wote unashuka nusu-toni sita, na sauti ya 4 hadi ya 9 zinakaa kati ya F# ya chini na G# ya juu. Zote anazo. Na huo msururu, kwa kinanda, ni E. Ileile E ya mpiga gitaa iliyotuvunjia mazoezi mwezi Juni. Gitaa linaachia waya wake mnene uvume wazi, tarumbeta inapanda ngazi ya asilia juu yake bila kidole kusogea.

Yaliyoharibika njiani: vali tatu kwa pamoja ziko juu ya sauti, kwa hiyo slaidi ya tatu lazima ivutwe nje hadi besi na tarumbeta zikae pamoja kwenye E, na ibaki hapo wimbo mzima. Sauti ya 7, 8 na 9 ziko karibu karibu, mdomo unateleza kutoka moja hadi nyingine. Alikuwa akikosa moja kati ya tatu. Dawa ilikuwa kuimba noti, kisha kuivumisha kwa kipande cha mdomoni peke yake, kisha chombo. Wiki nne hadi makosa yalipofika moja kati ya kumi na tano. Na kinanda kinyamaze. Kikigusa D yake mahali pa sauti ya saba, senti 31 zinapigana na masikio ya kila mtu. Mpiga kinanda sasa anapiga kayamba kwenye wimbo huo, na anapiga vizuri kuliko kinanda.

24 Mei 2025. Hotelini

Usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) umekamilika kabla ya kumwendea mtu yeyote. Meneja wa kwanza aliuliza hilo kabla ya kuuliza tunapiga nini.

Meneja wa pili aliposikia "jazz" alifurahi: ina maana mtapiga zile za zamani za Morogoro Jazz na Tabora Jazz? Hana kosa. Nchini kwetu neno hilo kwa miongo mingi lilikuwa jina la bendi za dansi, Western Jazz, NUTA Jazz, na magitaa ya rumba. Usibishane naye. Tulimpa dakika 45 za kwetu katikati ya rumba mbili zisizo na maneno, moja mwanzoni na moja mwishoni, na watu walikaa.

Masharti: Sh 200,000 kwa usiku, nusu kabla ya kupanda. Kwa watu watano ni Sh 40,000 kila mmoja, juu kidogo ya harusi, kwa saa mbili badala ya tano, na bila pikapu. Usiku wa kwanza tulipotea kwa sauti: ukumbi wa vigae na vioo, tarumbeta ikielekea meza za mbele. Usiku wa pili alisimama ameelekeza chombo kwenye pazia, bila maiki. Malalamiko yakaisha.

Siku zenye watu wakati wa Bunge la bajeti ni Jumanne hadi Alhamisi. Ijumaa tuliyodhani ndiyo yenyewe ilikuwa na wahudumu na sisi. Wageni walikuwa wameshaondoka mjini. Usiku tano kwa jumla.

16 Agosti 2025. Studio

Nyimbo tatu, siku moja, Sh 250,000. Studio ni ya Bongo Fleva na fundi wake ni mzuri kwa sauti ya mtu. Maiki aliiweka sentimita 10 kutoka mdomo wa tarumbeta kama anavyoweka kwa mwimbaji, na kila noti ya juu ikapasuka. Iwe mita moja hadi moja na nusu, pembeni kidogo, kilele kisipite -12 kwenye kipimo. Feni izimwe. Blanketi mbili ukutani nyuma ya mpigaji.

Tuliporudi kuchukua kazi, wimbo wa ilimba ulikuwa umekufa tena. Tulisikiliza mara tatu kabla ya kuelewa: ototyuni, programu ya kunyoosha sauti. Kwenye studio hiyo inakaa kwenye kila njia kama chumvi kwenye kila chungu, na ilikuwa imeichukua sauti ya saba na kuipandisha senti 31 hadi kwenye D safi ya kinanda. Fundi aliona amesaidia. Kuondoa na kuchanganya upya: Sh 80,000. Bahati alikuwa amehifadhi faili mbichi. Omba faili mbichi siku ileile, kwenye flashi yako.

8 Novemba 2025. Hesabu

Vyombo viwili Sh 1,580,000. Kipande cha mdomoni 95,000. Mafuta, grisi na brashi 157,000. Lehemu mbili 55,000. Treni 62,000. Chumba cha mazoezi ya kundi, mara 14 kwa 20,000: 280,000. Posho ya kupumzika 1,200,000. Studio 330,000. Jumla Sh 3,759,000. Ukitoa mauzo ya chombo cha kwanza, 3,559,000. Hoteli iliingiza milioni moja, yote ikagawanywa kwa wapigaji.

Hali ilivyo: dakika 45 zipo, nyimbo zake ni mbili, rekodi tatu zipo. Upeo hadi C ya juu siku nzuri, Bb siku zote. Nota za mistari anasoma polepole bado, na hilo tumelichelewesha wenyewe kwa kuegemea solfa. Kundi la Dar lililomwita kwa majaribio mwezi ujao linatumia nota za mistari tu. Kurasa mbili kila siku kuanzia Jumatatu, bila chombo, kwa sauti.

Felti za pistoni zimeagizwa. Hazijafika, vipande vya felti ya kofia kuukuu vimekatwa na vinafanya kazi, ila pistoni ya pili inalia kidogo ikirudi juu.